Jino likikuamsha saa nane usiku

Swali la wiki hii: jino likianza kuuma usiku wa manane, mtu afanye nini hadi kukuche?

Aanze na uzi wa meno. Mara nyingi mkosaji ni kinyuzi cha nyama kilichojibanza kwenye fizi, na pini au njiti ya kiberiti hukisukuma ndani zaidi. Kisha asukutue kwa maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja.

Kama bado linapwita, asilale chali. Kiini cha jino kimezungukwa na kuta ngumu; kikivimba hakina pa kutanukia, na mtu akijilaza damu huzidi kwenda kichwani. Ndiyo maana jino lililotulia kitini huanza kupiga ngoma kichwa kikigusa mto. Aweke mito miwili au mitatu, aegemee.

Mtu mzima mwenye ini zima anameza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Ibuprofeni ya miligramu 400, baada ya kula, hushika zaidi kwa sababu hutuliza uvimbe, na hizi mbili zinaweza kuandamana. Mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo aiache ibuprofeni.

Bibi zetu hawakukosea kuhusu karafuu. Yujenoli iliyomo hutia ganzi, na madaktari wa meno huichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Tone moja la mafuta yake kwenye pamba ndogo kama punje ya mchele, ndani ya tundu lenyewe; likimwagikia fizi, huunguza. Aspirini ikibanwa shavuni huunguza vilevile: fizi hugeuka nyeupe, huchubuka, na sasa yanauma mawili. Maji ya betri na petroli, nawasihi, msiguse kabisa.

La kuogopa zaidi ni jino kunyamaza lenyewe. Watu hushangilia na kuahirisha kliniki, kumbe kiini kimekufa na usaha unajikusanya chini kwa chini. Uvimbe ukishuka shingoni, kumeza kukawa shida au mdomo ukagoma kufunguka, ni hospitali usiku huohuo.

Kwa daktari, aende na jibu hili mkononi: akinywa maji baridi, maumivu hukaa muda gani? Yakipita kwa sekunde chache, huenda kuziba kukatosha. Yakikaa dakika nzima na kumwamsha usiku, ajiandae kutibiwa mzizi au kung'olewa.