Ukishamtumia Mama Hela

Wengi wetu tunaoishi mjini, ukituuliza kama tunawaheshimu wazazi, tutakuonyesha ujumbe wa M-Pesa. Si haba. Ila Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, walimu wa Kiyahudi, inadai zaidi.

Kikundi chetu cha Torati hukutana Sabato alasiri hapa Nairobi, simu zimeachwa nyumbani, tunasoma wawili wawili kwa sauti na kubishana. Tumekuwa kwenye Kidushini, mojawapo ya vitabu vya Talmudi, pale marabi wanapoeleza amri ya Kutoka 20:12 hutimizwaje. Kumheshimu mzazi, wanasema, ni kumlisha na kumnywesha, kumvika na kumfunika, kumwingiza ndani na kumtoa nje. Kumcha, kunakotajwa katika Walawi 19:3, ni kutosimama wala kuketi mahali pake, kutompinga. Na gharama? Zitoke kwa mzazi mwenyewe kama anacho. Kama hana na mwana anacho, mwana atoe. Lakini kumhudumia ni juu ya mwana, hata kama atakosa kibarua cha siku hiyo.

Halafu kuna kisa kilichotunyamazisha. Mtu alimlisha baba yake kuku wanono. Baba akauliza, mwanangu, hawa umewatoa wapi? Akajibiwa: mzee, kula unyamaze, mbwa nao hula wakinyamaza. Huyo, pamoja na kuku wake wote, amekosa. Mwingine alimwachia baba yake kazi ya kusaga kinuni, akaenda yeye badala yake kwenye kazi ya lazima ya mfalme, ili kipigo na aibu vimpate yeye. Huyo ndiye aliyeheshimu.

Mzee mmoja kwenye kikundi akasema, bila kumtazama mtu, "Wangu hunitumia maziwa kila siku. Mlinzi wa geti ndiye huniletea."

Basi ushauri wangu: maziwa yapeleke mwenyewe, hata ikiwa ni Jumapili tu, na uketi. Mzee akirudia kisa cha zamani usimmalizie sentensi. Akikosea jambo la Torati, marabi wanakukataza kumwambia "umekosea", uliza, "Baba, Torati si imeandikwa hivi?" Nimeijaribu kwangu. Baba alitabasamu, akajua kabisa ninachofanya, na ugomvi haukutokea.

Najua wapo wenye wazazi wagumu. Mfano ambao marabi wanausifu hapo hata si Myahudi: Dama ben Netina wa Ashkeloni, aliyekuwa ameketi na wakuu wa Rumi katika vazi la dhahabu, mama yake akaja akalirarua, akampiga kichwani na kumtemea mate usoni, naye asimwaibishe. Kipimo hicho ni kikali, sitajifanya nakifikia.

Na kama mzazi amepotewa na akili, Maimonides, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa zama za kati, anasema umtunze kadiri ya hali yake. Ukishindwa kabisa, waweke wengine wamtunze ipasavyo. Wapo waliompinga, lakini aliyewahi kumfuata mama yake barabarani usiku wa manane ataelewa kwa nini ruhusa hiyo iliandikwa.

Mkitaka kusoma haya kwenu, anzeni na visa vya ukurasa wa 31 wa Kidushini, sheria zifuate. Na waalikeni wazee. Vijana peke yao humaliza ukurasa haraka mno.