Risiti za simu uwanjani: ndiyo, ila mtu asilazimishwe

Umeuliza kama viwanja vya michezo viache risiti za karatasi na badala yake vitume risiti kwenye simu ya mnunuzi. Naunga mkono. Ile karatasi laini huchapwa kwa joto, si kwa wino. Ukiiacha juani maandishi yanafifia, na nyingi huishia chini ya viti hata kabla mechi haijaisha. Tena nyingi zilipakwa BPA, kemikali inayohofiwa kudhuru afya, ambayo Umoja wa Ulaya uliibana kwenye karatasi hizo tangu Januari 2020.

Shida ni mtandao. Wakati wa mapumziko maelfu wanashika simu kwa pamoja na kila kitu kinagoma, kwa hiyo mashine ihifadhi risiti na kuituma baadaye. Na jamani, kununua maji tu kusidai namba yangu ya simu! Anayetaka karatasi achapiwe.