Kabla hujauza shamba, mwone afisa ustawi wa jamii

Juzi mama mmoja wa Urambo kaniandikia: "Mwanangu, daktari kasema ni saratani. Baba yake keshaanza kutafuta mteja wa shamba." Nilimjibu usiku uleule, lakini wenye swali kama lake ni wengi, acha niliweke hapa.

Mdogo wangu alianza na taya. Likavimba, meno yakawa yanacheza. Kituo kimoja hapa Tabora wakamng'oa jino, uvimbe ukazidi, wakamng'oa la pili. Shangazi (jina naliacha, anasoma) akatangaza kwamba mtoto katupiwa kitu, akaleta mzee na dawa ya kupaka. Siku zikawa zinakatika tu. Daktari wa Kitete, hospitali ya mkoa hapa Tabora, ndiye aliyetuandikia rufaa ya hospitali ya Bugando, Mwanza. Huko wakachukua kinyama, wakapima: limfoma ya Burkitt, aina ya saratani ya damu inayoanzia kwenye chembe za kinga ya mwili. Jina ni la Denis Burkitt, daktari aliyeieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda. Inakua haraka kupita kiasi, lakini kwa sababu hiyohiyo kemo, yaani dawa za kuua saratani, huikamata vizuri. Baada ya dozi ya kwanza niliona kwa macho yangu taya linashuka.

Mama alikuwa na kichanga, kwa hiyo niliyefunga kibanda cha vitenge na kwenda kuuguza ni mimi. Mdomo wake ulijaa vidonda, nikawa nampa uji uliopoa kwa kijiko cha chai, kidogokidogo, huku ananikodolea macho kana kwamba mimi ndiye niliyemchoma sindano. Mengine ya wodini nayaruka, wanaojua wanajua.

Kilichokuwa kinatumaliza zaidi ya dawa ni nauli, chakula cha anayeuguza na mahali pa kulala. Mama wa kitanda cha jirani ndiye aliyenishika mkono hadi kwa afisa ustawi wa jamii. Huyu ndiye anayesikiliza hali ya familia na kushughulikia msamaha wa gharama kwa asiye na uwezo. Mwone mapema, na barua ya rufaa mkononi. Ukipelekwa Dar es Salaam, ulizia shirika la Tumaini la Maisha: ndio wanaosaidia watoto wenye saratani pale Muhimbili watibiwe bure, na wana Ujasiri House, nyumba ya kufikia familia zinazotoka mikoani. Uliza. Usione haya, uliza tena.

Na usiache tiba katikati! Uvimbe ukiisha, ukoo mzima utakwambia mtoto kapona, mrudishe. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri watoto zaidi ya asilimia 80 wanapona, nchi maskini chini ya 30, na kuacha matibabu ni moja ya sababu. Lengo lililowekwa mwaka 2018 ni angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Sisi tusipomaliza dozi, hiyo 60 itatoka wapi? Homa nayo, mtoto wa kemo akichemka usimpe panado ukalala. Kinga iko chini, mkimbize hospitali usiku huohuo.

Vijana, ninyi ambao mdogo au kaka yenu anaumwa, hili ni lenu. Nyumbani Ipuli wadogo zangu wengine walibaki wakilelewa na majirani, na mmoja akaacha kabisa kuongea na mimi kwenye simu. Alidhani tumemchoka. Waambieni ugonjwa kwa jina lake, waambieni hauambukizi, na mwalimu wa darasa ajue kinachoendelea nyumbani.

Mdogo wangu sasa yuko kidato cha pili na ananibishia kila kitu. Waliokuwa wanahesabu siku zake bado nakutana nao sokoni, tunasalimiana. Shangazi naye siku hizi husema ni dawa yake ya kupaka iliyomponya.

Mama wa Urambo, mwambie mzee asubiri kwanza kuhusu shamba. Ukishaonana na ustawi, niandikie walichokujibu.