Jibu: Je, HTML5 inatosha badala ya Flash?

Mkuu, umeuliza kama HTML5, lugha ya kisasa ya kurasa za wavuti, inaweza kuchukua nafasi ya Flash, teknolojia ya zamani ya video na michezo ya wavuti, maana una masomo ya zamani ya .swf (faili za Flash) yasiyofunguka tena. Kwa video na sauti, mjadala ulishafungwa kitambo: YouTube walihamia HTML5 Januari 2015, na Adobe, wenye Flash wenyewe, waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020.

Kazi iko kwenye vitu vya kubofya, yale maswali na michezo. Uwezo upo, canvas na WebGL, zana za kuchora ndani ya kivinjari, zinafanya hayo yote, ila .swf haijigeuzi yenyewe. Kama huna faili la .fla, lile la asili lililotumika kutengeneza .swf, unaandika upya. Mimi niliwahi kuandika upya jaribio moja la hesabu. Wiki nzima iliishia kwenye vipande vinne vya kuburuta!

Kabla hujajitesa hivyo, jaribu Ruffle. Ni programu huria inayoendesha Flash ndani ya ukurasa kupitia WebAssembly (njia ya kuendesha programu ndani ya kivinjari), msomaji hasakinishi kitu. Masomo ya ActionScript 2, toleo la zamani la lugha ya programu ya Flash, kwa kawaida yanakubali. Ya ActionScript 3 yanasumbua zaidi, kwa hiyo pima faili mojamoja, ukianza na lile lenye maswali mengi.