Barua kwa mwanangu: kwa nini namchora fundi mmoja mara nyingi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku Bagamoyo hatujambo. Umeniuliza kwa nini namrudia fundi jahazi yuleyule kwa mkaa, karatasi baada ya karatasi, ilhali watu wataona tu picha nitakayoichora ukutani.

Ukuta huo uko njiani kuelekea soko la samaki. Watakaopita ni mafundi wenyewe, wavuvi na wachuuzi. Kabla ya rangi, hao wataangalia fundi ameshikaje tezo. Anapochonga ubao huinama, mguu mmoja mbele, na nguvu hutoka kiunoni. Nikichora mikono bila kuelewa kiuno kimekaaje, nitapata mtu anayeigiza kazi, nao watamjua papo hapo. Ndiyo maana naanza na mwili mtupu wa mistari: uti wa mgongo, mabega, nyonga, nyayo. Sura huja mwisho. Kisha narudia kiungo kinachonisumbua, na safari hii ni kifundo cha mkono wa kulia.

Michelangelo, mchoraji maarufu wa Italia, naye alifanya hivyo. Kwenye dari la kanisa la Sistina huko Vatikani, alilolichora kati ya 1508 na 1512, yumo nabii mwanamke aitwaye Sibila wa Libya. Kabla ya kumpaka rangi alimchora mwanamume, awe mfano wake, kwa chaki nyekundu, na pembeni mwa karatasi hiyohiyo akarudia uso, mkono na vidole vya mguu. Leo karatasi hiyo iko kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mimi naipenda kuliko dari lenyewe, maana kwenye vile vidole unaona uzito wote wa mwili umeelemea wapi.

Halafu kuna vipimo. Karatasi naigawa miraba ya sentimita 5, na ukutani kila mraba unakuwa sentimita 50. Kosa la sentimita 1 linafika 10, na ukiwa juu ya jukwaa, uso karibu na plasta, hulioni. Isitoshe, watu watatazama kutoka chini, kichwa kionekane kidogo. Nimeshakikuza kwenye mchoro.

Fundi nimemmaliza. Amebaki mama mchuuzi mwenye beseni la samaki kichwani, na shingo yake bado inanishinda. Ukija Idi nitakuomba unisimamie na beseni, kwa vipindi vifupi, maana anayesimama akichoka bega hushuka na mchoro hupotea. Njoo na khanga zako.

Mama yako