Nyumba Zilizofanana za Naguru

Swali la wiki hii lilikuwa: “Ukirudi kwa miguu katika mtaa uliokulia, ni badiliko gani linalokuuma zaidi?” Mimi ni mtoto wa esteti ya Naguru hapa Kampala, na anayeijua Naguru na jirani yake Nakawa ameshaelewa shida yangu. Wengine watataja lami, mageti, jirani aliyehama. Sisi mtaa wenyewe haupo. Kwa hiyo nitasema ninayoyaweza.

Nyumba zetu zilijengwa na serikali ya kikoloni miaka ya 1950 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Julai 2011 matingatinga yakazibomoa, za Naguru na za Nakawa, wapangaji 1,747 wakiwa wameahidiwa makao katika mji mpya wa kisasa. Vikaota vichaka. Miaka ikapita, ardhi ikagawiwa huyu na yule, na mwaka 2022 kamati ya Bunge ikachunguza ugawaji huo.

Majuzi niliteremka kwenye teksi pale soko la Nakawa, nikashika barabara ya kwenda Ntinda kwa miguu. Nilitaka kujua nyumba yetu ilisimama wapi. Mwembe hakuna, bomba hakuna, safu za nyumba hakuna. Kilichonielekeza ni mteremko. Aliyebeba jerikani kichwani akiwa mtoto anaujua mteremko wa kwao hata gizani. Miguu yangu ilipunguza mwendo yenyewe pale tulipokuwa tukipumzika. Nikasimama. Nikamkumbuka mdogo wangu.

Nyumba zile zilifanana mno, safu kwa safu, mlango ule ule, bati lile lile. Mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka minne hivi. Jioni moja mama alimtuma kiberiti kwa jirani, hatua chache tu, mama mwenyewe akiwa anasonga posho, yaani ugali, nje. Posho ikaiva, mtoto hajarudi. Jirani akasema kiberiti alimpa zamani.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, siku za panda gari. Wasomaji vijana waulize wazazi wao: askari walikuwa wakizingira mtaa, wanawapakia watu kwenye malori, na wengine hawakuonekana tena. Giza likiingia kila mtu alikuwa ndani. Lakini usiku ule wanaume wa safu yetu walitoka. Alitoka mzee mmoja Mnubi, polisi mstaafu, na tochi yake aliyoifunika kwa kiganja. Alitoka fundi wa reli, Msamia, ambaye na baba walikuwa hawasemezani kwa sababu ya deni. Akatoka Mwacholi wa nyumba ya pembeni, aliyekuwa na homa. Wakagawana njia: mmoja upande wa mtaro, mmoja reli ya Port Bell, wengine safu hadi safu. Na walimwita kwa sauti ya chini. Sijasikia tena watu wakimwita mtoto aliyepotea kwa kunong’ona, kwa kuogopa wasisikiwe na wenye bunduki.

Walimpata karibu usiku wa manane, safu ya tatu kutoka kwetu, kwa mama mmoja Mlugbara. Mtoto alikosea safu, akaingia mlango uliofanana na wetu, akaketi mkekani na watoto wa mle, akala maharage nao kwenye sahani moja, akalala. Yule mama alipowafunika watoto akaona amezidi mmoja, akaongeza shuka. Baba alipobisha hakufungua. Hodi ya saa ile haikuwa ya heri. Alifungua aliposikia sauti ya mama yangu. Akasema tu, “Dada, huyu amekula. Mngemwacha alale, asubuhi ningemleta.” Mama akakaa pale pale kizingitini, hawezi kusimama. Yule akamletea maji. Na kiberiti kilikuwa bado mkononi mwa mtoto.

Baba na yule fundi wa reli walianza kusalimiana kesho yake. Mama na yule Mlugbara waliitana dada mpaka kifo kilipowatenganisha.

Nilipoketi kuandika nilikusudia kusema kuwa kinachoniuma ni kuta na seng’enge za siku hizi, kwamba leo mtoto hawezi kukosea mlango akapewa chakula. Lakini nikiyasoma haya niliyoandika, namwona yule mama nyuma ya mlango wake usiofunga vizuri, amejikaza kimya, watoto wake na wetu wamelala sakafuni katika chumba kimoja. Vyoo tulichangia na mvua ikinyesha vilifurika. Watu wanane chumba kimoja. Na chini ya kilima kile kile sasa ipo hospitali ya Naguru, iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2012. Binti yangu alijifungulia pale. Mimi mwenyewe leo naishi Kira nyuma ya geti, na usiku nalala.

Kwa hiyo nikiulizwa kama nyumba zile zilistahili kubaki, nasema hapana, nami nililia zilipobomolewa. Ghorofa zijengwe. Ila wangeanza kipande kimoja, wahamishe watu wa safu moja pamoja, ndipo wabomoe safu nyingine. Hilo liliwezekana, na hakuna anayeweza kuniambia vinginevyo. Wazee wangepewa vyumba vya chini. Na zile zitakazojengwa zisiwe za wenye mishahara minono peke yao: wajukuu wa wale wapangaji wanapanga vyumba Banda, Kinawataka na Kireka, mwendo wa miguu tu kutoka pale niliposimama.