Kabla ya kulipa nyumba ya wageni Lubumbashi, nenda kaisikilize

Mara ya kwanza niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Nilikuwa nimemwahidi mke wangu siku tatu za kupumzika, bila watoto na bila kutoka mjini, maana pesa ya ndege haikuwepo. Kwenye simu nikaona nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba vitano, majani ya kijani, bugenvilia ukutani. Nikalipa palepale. Saa mbili usiku kanisa la jirani likawasha vipaza sauti kwa maombi ya kukesha. Umeme ulipokatika saa tatu, kanisa lilinyamaza kidogo, lakini grupu, yaani jenereta, ya nyumba yenyewe ikaanza kunguruma chini ya dirisha letu. Kwetu mtaa wa Katuba tungelala vizuri zaidi, tena bure.

Kosa lilikuwa langu. Nyumba ya namna hii haitafutwi kwa macho. Mchana kila ua wa Lubumbashi umetulia, na picha haina sauti.

Safari ya pili nilikwenda mwenyewe kuangalia, Ijumaa, saa moja na nusu jioni, mtaa wa Golf. Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mabaa na makesha. Palipo kimya Ijumaa, Jumanne hapatakusumbua. Nikasimama langoni kama mtu anayesubiri taxi. Halafu sikumuuliza mwenye nyumba, nikamuuliza sentineli, yaani mlinzi wa usiku, kwa kuwa yeye ndiye anayekesha. Akacheka: "Huku usiku ni bambwa tu njo banalia, papa." Mbwa nawavumilia.

Ndani, maswali yangu yalikuwa mawili tu. Umeme ukikatika, mnatumia nini, na kipo wapi? Pale walikuwa na betri za sola kwa taa na feni, na grupu ilikuwa nyuma kabisa, ikizimwa saa nne usiku. La pili, maji: tangi liko juu ya mnara au yanategemea pampu? Pampu bila umeme ni chuma tu, utaoga kwa ndoo. Sina ugomvi na ndoo, mradi niambiwe mapema na maji yawe ya moto. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, na usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Wageni wanaokuja na nguo za pwani hushangaa sana. Omba blanketi ya pili kabla mama mwenye nyumba hajaingia kulala.

Huyo mama ndiye aliyenifanya nirudi tena na tena. Katikati ya bustani yake kuna kichuguu kikubwa, kirefu kuliko mimi, na mwembe umeota ubavuni. Anayejua Lubumbashi anajua vichuguu vyetu: wengine huvivunja wafyatue matofali ya kuchoma, na wajawazito hununua udongo wake sokoni wautafune. Kila fundi anayepita humshauri akiondoe apate nafasi ya magari mawili zaidi. Anakataa. Mvua zikishika, uyoga huchomoza pembeni yake, na asubuhi hiyo wageni hula uyoga. Ule mkubwa kabisa unaoota na mchwa, unaouzwa kando ya barabara wakati wa mvua, unaweza kumfunika mtoto kama mwavuli. Niliwahi kukaa chini ya mwembe ule saa nzima nikiangalia ndege tu, na mimi si mtu wa kuangalia ndege. Kule uani kwetu wapo hao hao, ila sijawahi kuwasikia.

Kwa chakula, sema asubuhi unataka kula nini jioni. Nyumba ya vyumba sita haina jiko la hoteli. Mtu anakwenda sokoni kwa ajili yako. Ukiagiza saa mbili usiku utapewa mayai. Ukiagiza asubuhi utapata bukari, yaani ugali, samaki wa Kapolowe na matembele, na ukiwa na bahati hata munkoyo ya baridi, kinywaji chetu cha mahindi. Mama atakuuliza "Mulilala muzuri?" kabla ya chai. Mjibu kweli. Nilipomwambia dirisha haliko sawa na mbu wanapita, chandarua kililetwa kabla ya saa sita.

Mchana toka, lakini usijaze siku. Makumbusho ya taifa katikati ya mji yanataka asubuhi nzima, hasa kama hujawahi kuishika akilini habari ya misalaba ya shaba: vipande vilivyoyeyushwa na kumiminwa na mafundi wa Katanga, vikatumika kama pesa karne nyingi kabla ya mji huu kuanzishwa mwaka 1910. Wauzaji wa malakiti, lile jiwe la kijani, hawako mbali. Angalia uzito na michirizi ya jiwe, na usione haya kuomba bei ishuke. Kwenye baraza la nyumba yetu ilining'inia picha ya ndege na samaki, imechorwa kwa kufuata mtindo wa Pilipili Mulongoy na wenzake wa karakana ya Hangar, iliyoanzishwa hapa na Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946. Nilivyoona, ilifaa kuliko televisheni. Alasiri moja tulikwenda ziwa Kipopo, tukarudi kabla ya giza.

Maporomoko ya Lofoi ni habari nyingine. Dereva mmoja aliniapia kwamba tungekwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Saa saba mchana tulikuwa bado njiani, gari limezama kwenye matope, na hela yangu ya siku imekwisha. Maji yanayoanguka zaidi ya mita 300 ndani ya hifadhi ya Kundelungu hayaendewi kwa haraka: tafuta jeep yenye nguvu, panga kulala huko, na rudi kwenye nyumba yako ya kimya ukiwa umechoka. Mwanzoni mwa Mei ndio wakati ninaoupenda. Njia zimeanza kukauka, maji bado ni mengi, vumbi halijaanza. Septemba na Oktoba jakaranda hupaka barabara zambarau na picha hutoka nzuri, ila joto na vumbi vitakutoa jasho jekundu.

Bei jadili kwa usiku tatu, usijadili kwa usiku mmoja. Hapo ndipo mama hulegeza. Na dola zako zikague nyumbani. Asubuhi ya mwisho noti yangu ya ishirini ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, kama umekatwa na jino la mchwa, akaigeuzageuza kisha akanirudishia kwa upole. Ikabidi nipande pikipiki mpaka kwa wabadilisha pesa, nao wakanikata kidogo. Niliporudi ilikuwa saa nne kasoro, jua limeshapanda juu ya kichuguu, na mke wangu alikuwa bado amelala.